Nguo ya Kuazima: Kiswahili na Jedwali la Ushuru wa Forodha

Wahenga walilonga kuwa nguo ya kuazima haisitiri makalio. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukaifafanua katika mitihani na kuitolea maana ya ndani na ya nje. Katika makala haya nakusudia kuirejesha ilikotoka, yaani kwenye nguo zenyewe: sweta, fulana, soksi na blauzi zinazoingia nchini kupitia bandari ya Mombasa, viwanja vya ndege na vituo vya mipakani. Kabla ya nguo hizo kufika sokoni, sharti ziainishwe na kutozwa ushuru. Lugha inayotumiwa kuziainisha ni lugha ya kuazima, na haimsitiri mfanyabiashara mdogo hata kidogo. Ninashikilia kwamba sehemu ya lawama hii ni yetu sisi tunaojiita wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Najua wapo watakaouliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini forodhani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni shangazi yangu.

Shangazi huuza sweta na blauzi katika soko moja la mjini. Miaka michache iliyopita, yeye na wenzake watatu walichanga fedha wakaagiza shehena ndogo kutoka China. Mzigo ulipofika, karani aliyewajazia fomu aliandika kwamba zilikuwa blauzi. Afisa aliyeukagua akaamua kuwa nyingi kati ya nguo hizo zilikuwa sweta. Thamani ikakadiriwa upya, faini ikaongezwa, na gharama za ghala zikawa zinapanda kila siku. Walipewa barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kiingereza cha sheria. Shangazi aliielewa jumla ya fedha tu, kwani tarakimu hazina lugha. Akaikunja, akaitia mkobani, akaenda kukopa chamani.

Nilipomtembelea wiki sita baadaye aliitoa barua ile akaniambia, "Mwanangu, si wewe ndiye msomi wa lugha? Hebu nisomee." Nikaanza kumfasiria. Nilipofika mahali palipotaja sura mbili za mavazi katika jedwali la ushuru, nikasema kwa kujiamini kwamba sura ya kwanza ni ya nguo zilizofumwa na ya pili ni ya nguo zisizofumwa. Shangazi akaangua kicheko. "Nguo isiyofumwa ni ipi, mwanangu? Ngozi ya mbuzi?" Sikuwa na jibu. Na nilipofika aya ya mwisho sikuwa na la kucheka, maana aya hiyo ilieleza kwamba asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kuomba uangaliwe upya. Siku hizo zilikuwa zimekwisha, na barua imelala mkobani.

Sisemi kwamba afisa yule alikosea. Baada ya kulisoma jedwali mwenyewe, naona yamkini alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba shangazi hakupewa nafasi ya kujua kama alikuwa sahihi, na mimi, mwenye shahada ya kwanza ya Kiswahili na tasnifu ya uzamili mkononi, nilishindwa kumpa nafasi hiyo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisoma jedwali la ushuru kama ninavyosoma riwaya. Naomba msomaji aniruhusu kueleza nilichokiona.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia jedwali moja la ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa sahihi mwezi Machi 2004, na ushuru wa pamoja ukaanza kutumika Januari 2005. Jedwali lenyewe limejengwa juu ya mfumo wa kimataifa wa kuorodhesha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 1988, na toleo lake la hivi karibuni lilianza Januari 2022. Katika mfumo huo kila bidhaa ina tarakimu sita zinazofahamika dunia nzima. Jumuiya yetu huongeza mbili zikawa nane.

Tuchukue mfano wa 6110.20.00. Tarakimu mbili za mwanzo, 61, ni sura ya mavazi yaliyofumwa kwa sindano au kwa kulabu. Mbili zinazofuata, 10, ni kifungu cha sweta, kadigani, vizibao na mavazi ya jinsi hiyo. Zinazofuata, 20, zinaonyesha kuwa vazi ni la pamba. Zingekuwa 30, vazi lingekuwa la nyuzi zinazotengenezwa na binadamu viwandani, kama vile akriliki na poliesta. Mbili za mwisho ni zetu wenyewe wa Afrika Mashariki. Ikiwa sweta ina pamba na akriliki pamoja, huhesabiwa kwa uzi wenye uzani mkubwa zaidi. Msomaji ataona kwamba huu ni utaratibu wenye mantiki, na mantiki yake si ngeni kwa mtu aliyezoea ngeli za nomino. Hata sisi huuliza kwanza neno ni la ngeli gani kabla ya kulipa upatanisho wake.

Fedha zinazotokana na uainishaji huu si haba. Tangu Julai 2022 jedwali la pamoja lina viwango vinne, cha juu kikiwa asilimia 35, na mavazi yamo katika kiwango hicho. Kila mwaka wa fedha nchi wanachama huweza kuomba viwango tofauti kwa bidhaa fulani, na viwango hivyo huchapishwa katika gazeti rasmi la Jumuiya. Tukifuata kiwango cha pamoja, mzigo wenye thamani ya shilingi 100,000, pamoja na bima na nauli, hutozwa ushuru wa shilingi 35,000. Kisha kodi ya thamani ya ziada ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, yaani shilingi 135,000, ikawa shilingi 21,600. Kabla ya kugusa tozo nyinginezo, mwenye mzigo tayari anadaiwa shilingi 56,600. Ilhali thamani inayokubaliwa forodhani hulinganishwa na thamani ya bidhaa zinazofanana nayo, basi neno moja likibadilika kwenye fomu, blauzi ikawa sweta, hesabu yote huweza kubadilika hata kama asilimia ni ile ile. Hivyo ndivyo ilivyomfika shangazi.

Sasa tuurejelee ule mkwamo wangu. Jedwali limegawa mavazi katika sura mbili kuu. Sura ya 61 ni ya mavazi yaliyotengenezwa kwa kitambaa cha vitanzi, yaani kitambaa ambacho uzi hujipinda na kupita ndani ya kitanzi kilichoutangulia, mstari baada ya mstari, kama sweta na fulana. Sura ya 62 ni ya mavazi yasiyokuwa hivyo, na mengi ya hayo ni ya kitambaa kilichotengenezwa kwa nyuzi mbili zinazokatana: mtande uliotandazwa kwa urefu, na mshindio unaopita katikati yake kwa upana. Shati la kitambaa cha kawaida, suruali ya dengrizi na kanga ni za mtande na mshindio. Kiingereza kina vitenzi viwili kwa kazi hizi mbili. Kiswahili cha kila siku kina kimoja: kufuma. Bibi aliyeketi barazani na sindano zake mbili anafuma sweta, na fundi wa zamani wa Siyu au Mogadishu aliyeketi kwenye kitanda cha mfumi alikuwa anafuma nguo. Kwa hiyo anayetafsiri kichwa cha sura ya 62 kuwa "nguo zisizofumwa" anaandika upuuzi, na shangazi yangu, aliyeishia darasa la saba, aliugundua upuuzi huo kwa sekunde moja.

Je, hii ina maana kwamba Kiswahili ni maskini? La hasha! Hili ndilo jambo ambalo wenzetu wenye kasumba huharakia kulisema. Lugha yetu inayo maneno ya kazi hii. Sisi ndio tuliyoyaacha yakaota kutu. Mtande, mshindio na mfumi ni maneno ya Kiswahili cha pwani tangu zamani, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwapo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya nguo zilizofumwa huko na kusafirishwa hadi Misri. Fauka ya hayo, wanafasihi tumeyatumia maneno ya ufundi huu bila kuyalipia ushuru. Twasema mtunzi amesuka visa vyake kwa ustadi, twazungumzia msuko wa riwaya, na twamsifu malenga kwa kufuma beti. Tumeazima kwa mfumi na kwa msusi. Ni haki sasa kuwarudishia kitu.

Hata hilo neno ushuru si geni hapa. Limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya kumi. Forodha nalo ni neno lililofika na majahazi, na hadi leo mitaa iliyo ufuoni mwa miji ya pwani huitwa Forodhani. Karne ya kumi na tisa, Sayyid Said alipofanya mkataba na Marekani mwaka 1833, ushuru wa bidhaa za Wamarekani ulikubaliwa kuwa asilimia 5. Bidhaa moja mashuhuri iliyokuja kwa mlango huo ilikuwa kitambaa cha pamba ambacho Waswahili waliita merikani. Msomaji azingatie walichofanya wazee wetu. Kitambaa kigeni kilipofika bandarini hawakungoja warsha wala kongamano. Walikipa jina, wakakipanga pamoja na kaniki, bafta, doria na debwani, na kila mwenye duka na kila mnunuzi akajua tofauti ya bei na ya ubora. Huo ulikuwa uainishaji wa bidhaa kwa Kiswahili, uliofanywa na watu wa soko.

Wala ujuzi huo haujapotea. Nilipomweleza shangazi masharti ya jedwali kwa maneno ya kawaida, niligundua kuwa anayajua kunishinda. Jedwali linasema kwamba nguo yenye ukanda wa kuvutika pindoni, au mifuko chini ya kiuno, haiwezi kuingia katika vifungu vya mashati na blauzi za vitanzi. Shangazi akasema, "Basi zile zetu zilikuwa na ukanda. Ningeambiwa hivyo ningelijua." Jedwali linasema pia kwamba nguo yenye wastani wa vitanzi visivyofika kumi kwa kila sentimita, kwa urefu na kwa upana, haiingii katika vifungu hivyo, hapo anayekagua huhesabu kwenye eneo la angalau sentimita 10 kwa 10. Shangazi hutofautisha fulana nyepesi na sweta nzito kwa kupitisha kidole gumba. Nguo za watoto wachanga ni za mtoto asiyezidi kimo cha sentimita 86, naye huwauliza akina mama kimo cha mtoto kila siku. Vazi la vitanzi ambalo upande wa kushoto hufunga juu ya wa kulia kwa mbele huhesabiwa kuwa la kiume, na ambalo upande wa kulia hufunga juu ya wa kushoto huwa la kike, isipokuwa pale ambapo mshono wenyewe unaonyesha wazi kuwa ni la jinsia nyingine. Lisilotambulika kabisa huwekwa pamoja na ya kike. Hilo la mwisho lilimfanya atabasamu, lakini la vifungo alilijua tangu ujana wake. Jambo pekee asilolijua ni Kiingereza cha kuyasema hayo.

Wauzaji wa mitumba nao hawajasalimika. Nguo kuukuu zina kifungu chake, 63.09, na si kila robota linastahili kuingia humo. Masharti ni mawili: nguo ziwe zimechakaa kwa kiasi kinachoonekana, na ziletwe kwa wingi bila kufungashwa, au ndani ya marobota, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Basi, sweta mpya yenye lebo yake ikifungwa ndani ya robota, haigeuki mtumba kwa kufungwa. Huo "uchakavu unaoonekana" ni maneno machache tu, lakini anayeyaelewa anajua anachobishania, na asiyeyaelewa hubaki kusema kwamba ameonewa. Nimesikia lalamiko la kuonewa mara nyingi sokoni. Huenda mara nyingine ni la kweli na mara nyingine si la kweli, na bila lugha hakuna awezaye kutenganisha la kweli na lisilo la kweli.

Hapa ndipo suala hili linapovuka mipaka ya istilahi likawa suala la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu iliyoandikwa kwa lugha ambayo mtu haielewi ni sababu gani? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 nayo imempa mfanyabiashara siku 30 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, na baada ya hapo njia ya kwenda kwenye baraza la rufaa. Milango hiyo imewekwa na sheria na haikufungwa na yeyote, ila maandishi yaliyobandikwa juu yake hayasomeki kwa wengi wanaopita hapo. Katika ngazi ya Jumuiya, mkutano wa wakuu wa nchi wa Februari 2021 uliridhia Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa kila tarehe 7 Julai. Tunapiga ngoma, tunaghani mashairi, tunavaa leso na kanzu, kisha siku ya pili tunamwacha mama muuza sweta na barua yake.

Zipo hoja za kupinga, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza husema kwamba jedwali ni sheria, na sheria ikiwa na lugha mbili italeta kesi zisizokwisha. Hofu hii ina mashiko, ila dunia imekwisha kuijibu. Umoja wa Ulaya huchapisha jedwali lake la bidhaa katika lugha zake rasmi, ikiwemo lugha ya Kimalta, yenye wazungumzaji wasiofika milioni moja. Mmalta anaweza kuisoma sura ya 61 kwa lugha aliyonyonya ziwani mwa mamake. Sisi wa lugha ya mamilioni hatuwezi. Nchini Tanzania, mwaka 2021, Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hata ikiamuliwa kwamba nakala ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda pakizuka mgongano, bado nakala ya Kiswahili yenye maelezo itamwezesha mtu kujua wakati wa kutafuta wakili na wakati wa kulipa bila kinyongo.

Hoja ya pili ni kwamba wapo mawakala wa forodha, na kazi yao ni hiyo ya kujua Kiingereza cha jedwali. Ni kweli, na sheria yenyewe inawatambua. Lakini asiyeweza kusoma kazi ya wakala wake hawezi kuikagua. Shangazi na wenzake walitia sahihi fomu iliyosema "blauzi" kwa sababu hawakujua kwamba kulikuwa na swali la kuulizwa. Faini ikawaangukia wao wala haikumwangukia karani.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa kuwa ilitoka kwetu wenyewe. Nilipolieleza wazo hili katika mazungumzo na wenzangu, mmoja alisema kwamba istilahi tunazounda huishia kwenye makabrasha, kwa hiyo afadhali watu waendelee na maneno ya Kiingereza waliyoyazoea. Simlaumu. Tumeunda istilahi nyingi tukiwa tumejifungia vyumbani, kisha tukashangaa kwa nini watu hawazitumii. Hata hivyo, dawa ya istilahi mbovu si kukosa istilahi. Dawa ni kuanzia pale walipo wenye kazi.

Kwa mintarafu hiyo, natoa pendekezo langu, nalo liko wazi kwa kukosolewa. Kitenzi kufuma tukiache kilivyo, kiwe cha jumla, kwa sababu watu hawatakiacha hata tukiwasihi. Tutofautishe kwa kutaja kinachofumwa. Mavazi ya sura ya 61 tuyaite mavazi ya vitanzi, na kitambaa chake kitambaa cha vitanzi. Faida ya neno hili ni kwamba linajumuisha kufuma kwa sindano na kufuma kwa kulabu, kwa maana zote mbili huzaa vitanzi. Hivyo neno moja la Kiswahili linafanya kazi ya maneno mawili ya Kiingereza. Kitambaa cha nyuzi zinazokatana tukiite kitambaa cha mtande. Lakini hapa nawatahadharisha watafsiri wenzangu: kichwa cha sura ya 62 kisiandikwe "mavazi ya mtande", kwani ndani yake mna pia mavazi ya vitambaa visivyo na mtande wala vitanzi, kama vile vya nyuzi zilizoshindiliwa au kugandishwa pamoja. Kichwa sahihi ni "mavazi yasiyo ya vitanzi". Na hata hapo pana kighairi: sidiria huwekwa katika sura ya 62, kifungu cha 62.12, hata ikiwa ni ya vitanzi. Anayetafsiri bila kuijua bidhaa atajikwaa hapo.

Mwenzangu yule alinitania kwamba neno kitanzi huwakumbusha watu kunyongwa. Nilimjibu kwamba neno kifungo huwakumbusha watu jela, na bado kila asubuhi tunafunga vifungo vya mashati yetu bila kuogopa mahakama. Muktadha ni mwalimu wa maana. Hilo twalifundisha katika semantiki mwaka wa kwanza. Shangazi nilipomjaribia maneno haya hakuuliza ufafanuzi. Alichukua sweta akaivuta, ikanyumbuka, akasema, "Vitanzi." Akachukua shati la sare ya shule akalivuta, likakataa. "Mtande." Kisha akaniongezea somo ambalo silioni katika kitabu chochote nilichokisoma: siku hizi kuna vitambaa vya mtande vilivyochanganywa na nyuzi za kunyumbuka, kwa hiyo mtu asiamini mvuto peke yake bali ausogeze uzi karibu na jicho.

Tufanyeje basi? Sidai kwamba chama cha wanafunzi kinaweza kulitafsiri jedwali zima lenye maelfu ya vifungu. Twaweza kuanza na sura tatu zinazowagusa watu wa masoko yetu zaidi: ya 61, ya 62 na ya 63. Wanafunzi wa isimu wachukue istilahi na wazichunguze sokoni Gikomba, Kongowea na Busia kabla ya kuziandika. Wanafunzi wa tafsiri wachukue maelezo ya sura. Sisi wa fasihi tuchukue barua zenyewe, tuone jinsi ya kuziandika upya kwa lugha ambayo binadamu wa kawaida ataielewa. Mjini Eldoret kuna viwanda vya pande zote mbili: Rivatex, ambacho kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, hufuma vitambaa vya mtande, na mji huo huo una kiwanda cha sweta na nyuzi za kufumia cha Ken-Knit. Wafanyakazi wa mashine za huko wana maneno yao ya kila siku ambayo yumkini ni bora kuliko yangu. Twende tukawasikilize. Wahadhiri wetu nao wakubali kwamba tasnifu juu ya msamiati wa forodha ni tasnifu ya Kiswahili kama ilivyo tasnifu juu ya tamathali za usemi. Kazi ikikamilika, tuikabidhi kwa Kamisheni na kwa mamlaka zinazohusika, tukiwa na bidhaa mkononi badala ya maazimio.

Jambo moja lisingoje kazi hiyo yote. Kila barua ya forodha inayobadilisha uainishaji wa mzigo wa mtu iwe na aya moja ya Kiswahili mwanzoni, inayotaja mambo matatu: nini kimebadilishwa, kwa sababu gani, na siku ya mwisho ya kupinga ni ipi. Aya hiyo haihitaji tume wala bajeti kubwa. Ingekuwapo kwenye barua ya shangazi, labda bado angelipa, maana ukanda ulikuwa pindoni kweli. Lakini angelipa akijua, na angeuliza kwa wakati kama thamani iliyokadiriwa ilikuwa ya haki, swali ambalo hadi leo halijapata jibu na halitapata.

Shangazi amemaliza kuulipa mkopo wa chama. Barua ile amenipa niihifadhi. Nimeiweka ndani ya nakala ya tasnifu yangu, mahali ninapoiona kila ninapoketi kuandika juu ya lugha na jamii.